Nyambizi I-27 na meli iliyotoka Kilindini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Abiria wa feri ya Likoni akigeuza shingo upande wa bahari anaona mlango wa Kilindini, bandari ya Mombasa. Wiki ya kwanza ya Februari 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli tano za abiria zilitokea hapo zikielekea Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Nne zilifika. Ya tano, Khedive Ismail, ilikutana na nyambizi ya Kijapani iitwayo I-27. Mchana haukwisha kabla zote mbili hazijalala chini ya bahari.

Habari hii imesimuliwa sana kwa Kiingereza, mara nyingi na watu wa manowari au jamaa za wauguzi waliozama. Theluthi mbili ya waliokuwa melini, vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika, huguswa kwa sentensi moja na kuachwa. Kwa hiyo majibu ya hapa yatakuwa marefu pale yanapowahusu wao.

I-27 ilikuwa chombo cha aina gani?

Ilikuwa nyambizi ya Jeshi la Maji la Kifalme la Japani, mojawapo ya zile kubwa za aina ya B1 zilizojengwa kwa safari za mbali. Iliundwa katika karakana ya jeshi huko Sasebo na kuanza kazi rasmi Februari 1942.

Urefu wake ulikuwa karibu mita 109, kupita uwanja wa mpira. Juu ya maji ilikwenda zaidi ya noti 23 (maili 23 za baharini kwa saa), mwendo ambao meli nyingi za mizigo za wakati huo hazikuufikia. Ikizama chini ilijikokota kwa noti 8 tu. Omo, yaani sehemu ya mbele, ilikuwa na matundu sita ya kurushia topido (mabomu yanayojiendesha majini), ndani kukiwa na akiba ya topido 17, na sitahani kulikuwa na mzinga wa milimita 140. Aina hii ilikuwa na banda la kuhifadhia ndege ndogo ya upelelezi iliyokunjwa mabawa. Mabaharia walikuwa karibu mia moja.

Wengi hudhani nyambizi ya wakati ule iliishi chini ya maji kama samaki. La. Ilikuwa meli ya kawaida yenye uwezo wa kujificha kwa muda. Injini zake za dizeli zilihitaji hewa, hivyo ilisafiri juu usiku kucha ikichaji betri, na mchana au penye hatari ilizama na kutumia umeme wa betri hizo. Betri zikiisha au hewa ikichafuka, ilipaswa kupanda itake isitake. Tena kina chake cha salama kilikuwa mita 100 tu. Shika hilo la kupanda, maana ndilo lililoiua.

Ni kweli ilianzia vita yake Australia?

Ndiyo. Usiku wa 31 Mei 1942, I-22, I-24 na I-27 zilijisogeza nje ya bandari ya Sydney, kila moja imebeba mgongoni nyambizi ndogo ya watu wawili. Mtoto wa I-27 alikuwa na Luteni Kenshi Chuma na msaidizi wake Takeshi Omori. Waliingia bandarini wakanasa katika wavu wa chuma uliowekwa kuzuia vyombo vya adui. Walijaribu kurudi nyuma, wavu ukazidi kuwazonga. Walipoona hawana njia walilipua baruti zao wenyewe wakafa humo humo. Topido ya nyambizi ndogo nyingine ilizamisha kivuko cha Kuttabul kilichokuwa kikilaza wanamaji, na 21 wakafa.

Waaustralia waliwaopoa Wajapani wanne waliokufa bandarini wakawachoma kwa heshima zote za kijeshi, jambo lililowakera raia wengi wa nchi hiyo. Majivu yao yalirudishwa Japani kwa njia ya Lourenço Marques, ambako leo ni Maputo, kwa kuwa Msumbiji ilikuwa ya Wareno, nao hawakuwa na upande, na ndipo mahali pa kubadilishana wanadiplomasia na raia wa pande mbili. Ni kama njia za bahari zilikuwa zikiivuta habari hii kwenye pwani yetu tangu mwanzo.

Siku chache baadaye, 4 Juni, I-27 iliipiga Iron Crown, meli ya madini, karibu na kisiwa cha Gabo katika jimbo la Victoria. Ilikuwa imejaa manganizi, mzigo mzito kama mawe, ikazama kwa muda wa dakika moja hivi. Kati ya mabaharia 43, 38 walikufa. Mabaki yake yalipatikana mwaka 2019.

Ilifikaje Bahari ya Hindi ya magharibi?

Baada ya kuiteka Malaya, Wajapani waliifanya Penang kuwa kituo cha nyambizi zao. Toka Penang hadi Ghuba ya Oman ni safari ndefu, lakini chombo hiki kiliweza kukata maili za baharini 14,000 bila kujaza mafuta. I-27 ikawa inatoka Penang, inakwenda kuvizia kati ya Masira, Maskati, Aden na Maldivi, topido zikiisha inarudi.

Windo lenyewe ilikuwa njia ya mafuta ya Irani na Iraki, pamoja na shehena za vita zilizopitia Ghuba ya Uajemi kwenda Urusi. Meli zilikuwa nyingi na manowari za kuzisindikiza hazitoshi, kwa sababu Waingereza walikuwa wamezielekeza nguvu zao Atlantiki na Mediterania. Mwaka 1943 I-27 ilikabidhiwa kwa Toshiaki Fukumura, na huyo ndiye nahodha aliyebaki nayo hadi mwisho.

Ilizamisha meli ngapi?

Kumi na nne, jumla zaidi ya tani 72,000, mbali na nyingine tano ilizozijeruhi. Katika nyambizi za Japani hiyo ni hesabu kubwa.

Sitazitaja zote. Tatu zinatosha.

Ya kwanza ni Fort Mumford, Machi 1943 katika Bahari ya Uarabuni. Katika wote waliokuwemo alipona mtu mmoja tu, aliyeokotwa na jahazi. Manahodha wa majahazi wa Oman na Uhindi waliwaokoa watu wengi katika vita vile, na hakuna aliyewachongea sanamu.

Ya pili ni Dah Puh, meli ya Kinorwe iliyopigwa 28 Juni 1943 ikiwa imetia nanga Maskati kwenyewe. Anayeujua mji ule, na ngome za Jalali na Mirani zilivyoukumbatia mdomo wa bandari, atashangaa ujasiri wa nahodha aliyesogea hadi pale.

Ya tatu ni Fort Camosun, ambayo haikuzama. I-27 iliitoboa Desemba 1943 karibu na Aden. Meli hiyo hiyo ilikuwa imetobolewa Juni 1942 upande wa pili wa dunia, pwani ya Washington huko Marekani, na nyambizi nyingine ya Kijapani, I-25. Mara zote mbili ilikokotwa hadi bandarini ikatengenezwa. Siku yake ilikuwa haijafika.

Je, nyambizi za Japani zilifika hadi Mombasa na Zanzibar?

Si I-27, lakini wenzake walifika. Mei 1942 nyambizi I-30 ilirusha kindege chake kikazunguka juu ya Zanzibar na Dar es Salaam, kisha yenyewe ikaja kuichungulia Mombasa kwa periskopu. Walikuwa wakiitafuta kambi ya manowari za Waingereza ili wazishambulie bandarini kama walivyokuja kufanya Sydney. Hatimaye walichagua Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska. Usiku wa 30 Mei nyambizi zao ndogo zilipenya pale, zikaijeruhi manowari kubwa Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty.

Wazee waliosema kwamba "Mjapani alikuja kutuchungulia" hawakuwa wakiongeza chumvi.

Kwa nini Kilindini ilikuwa muhimu hivyo?

Aprili 1942 manowari za Japani zenye kubeba ndege ziliipiga Colombo na Trincomalee. Waingereza waliona Ceylon haikaliki, wakaurudisha nyuma msafara wao wa manowari hadi Kilindini. Ghafla Mombasa ikawa makao ya jeshi la maji la bahari nzima ya Mashariki.

Pamoja na manowari walikuja wataalamu wa kufumbua siri. Waliwekwa katika shule ya Allidina Visram, palepale penye upepo wa bahari, wakawa wanasikiliza simu za upepo za Wajapani. Mwaka huo huo wa 1942 waliivunja fumbo la herufi lililoitwa JN-40, lililotumiwa na meli za biashara za Japani. Ni vizazi vingapi vya wanafunzi vimepita madarasa yale bila kuambiwa?

Hatari ya Ceylon ilipopungua, makao yalirudi Colombo mwaka 1943. Kilindini haikulala. Ilibaki lango la kutolea askari wa Afrika Mashariki waliotakiwa Asia.

Khedive Ismail ilikuwa meli gani?

Iliundwa Greenock, Uskoti, mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, na jina lake la kwanza lilikuwa Aconcagua. Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Misri ikapewa jina la Ismail, mtawala wa Misri wa karne ya 19. Vita vilipoanza Waingereza wakaichukua kubebea wanajeshi. Ilikuwa na tani zaidi ya 7,000, chombo cha ukubwa wa kati tu, ambacho umri ulikuwa umeanza kukilemea.

Katika msafara ulioitwa KR 8 ilikwenda pamoja na City of Paris, Varsova, Ellenga na Ekma. Hadi siku ya tukio walinzi walikuwa watatu: kruza Hawkins, manowari mzee ya enzi ya vita vya kwanza, na destroya mbili, yaani manowari ndogo zenye kasi, Petard na Paladin.

Walikuwemo akina nani?

Watu 1,511. Walikuwemo mabaharia wa meli, wanamaji wa Uingereza, wanawake wa jeshi la maji, wauguzi na mkuu wao, wanawake wa kikosi cha usafiri, na maofisa na askari 996 wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki.

Mia tisa tisini na sita. Maofisa walikuwa Wazungu, nao askari waliandikishwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Mjaluo, Mkamba, Mganda na Mnyamwezi walikula meza moja, wakasemezana kwa Kiswahili cha jeshini kilichoitwa Kikeya, kilichozaliwa katika kambi za KAR (King's African Rifles, au Keya), jeshi la askari Waafrika chini ya Waingereza. Wengi wao hawakuwahi kuiona bahari kabla ya kushushwa kwenye treni pale Mombasa. Mtu wa pwani anajua kuogelea tangu utotoni, lakini aliyekulia Machakos au Tabora angejifunzia wapi? Katika kusoma habari hii hilo ndilo linalonikaa kooni.

Alikuwemo pia mwandishi wa habari za vita, Kenneth Gandar-Dower. Kabla ya vita aliwachukua duma kutoka Kenya akawapeleka Uingereza kushindana mbio na mbwa. Yeye naye hakurudi.

Nini kilitokea tarehe 12 Februari 1944?

Ilikuwa Jumamosi. Msafara ulikuwa umefika kusini-magharibi mwa Maldivi, katika mkondo uitwao Mkondo wa Digrii Moja na Nusu, ambao meli hupitia kati ya visiwa. Mvizia-meli hahitaji kutafuta mahali pazuri kuliko mlango ambao kila mtu lazima aupite. I-27 nayo ilikuwa imetoka Penang mwanzoni mwa mwezi huo huo, ikielekea Aden. Chombo kimoja kilitoka mashariki na kingine magharibi, wakakutana mlangoni.

Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha. Bahari ilikuwa shwari, jua kali, na wengi walikuwa ndani, wengine wakipumzika na wengine wakiburudika kwa muziki ukumbini. Kama saa nane na nusu mtu mmoja aliona periskopu na kupiga kelele. Hapohapo topido mbili ziliingia, moja ikipiga chumba cha injini na nyingine chumba cha matangi ya mvuke. Meli ilivunjika ikalala ubavu.

Ilizama kwa dakika mbili. Katika muda huo mtu aliye sitaha ya chini, penye giza na mvuke unaochoma, ngazi zimeng'oka na watu mia kadhaa wanagombea tundu moja, hafiki popote. Askari wetu ndio walipewa sitaha za chini. Waliopona ni wale ambao bahati iliwakuta juu, au waliosukumwa nje na maji yenyewe.

Meli nne zilizobaki ziligeuza na kutawanyika kwa kasi, kruza ikiwa nazo. Ndivyo amri ilivyotaka, kwa kuwa meli inayosimama kuokoa watu hujigeuza shabaha. Destroya mbili zikarudi.

Ni kweli Waingereza walipiga mabomu penye watu wao waliokuwa wakielea?

Ni kweli, na hakuna anayelikanusha.

Paladin ilianza kushusha mashua kuokota watu. Petard ikawa inawinda kwa kifaa chake cha kusikilizia chini ya maji. I-27 ilikuwa imejichimbia pale pale, chini ya watu waliokuwa wakielea kati ya mabao na mafuta. Kama nahodha Fukumura alifanya hivyo kwa makusudi au ndipo alipojikuta, alikufa nalo moyoni.

Kamanda wa Petard, Rupert Egan, alikuwa na hesabu mbele yake. Nyambizi ikiachwa hai, kulikuwa na meli nne karibu zenye maelfu ya watu, na destroya yake ikisimama kuokoa ingepigwa nayo. Akaamuru mabomu ya kina yatupwe. Bomu la kina ni pipa la baruti linalolipuka likifika kina kilichopangwa, na msukumo wake ndani ya maji humpasua mtu matumbo hata kama ngozi yake haina jeraha. Mabaharia wa Petard waliwaona walioko majini wakipunga mikono kwa furaha wakidhani wanakuja kuokolewa. Kisha mapipa yakaanguka.

Wapo wanaosema hakuwa na njia nyingine, na wapo wasiomsamehe hadi leo. Kwa sheria za vita vya baharini za wakati ule alitenda lililotarajiwa. Naona hesabu yake ilikuwa sahihi. Naona pia kwamba mtu aliye salama nchi kavu asiseme neno "sahihi" hapa kwa sauti kubwa.

I-27 yenyewe ilizamaje?

Baada ya mizunguko kadhaa ya mabomu, I-27 iliibuka, imeumia, haiwezi tena kukaa chini. Mabaharia wake walitoka kukimbilia mzinga wa sitahani, wakafagiliwa na risasi za destroya kabla hawajaufikia.

Mtu angedhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza. Mizinga ya destroya ilikuwa ya milimita 102, na makombora yake yalikuwa yakigonga ganda lile nene la nyambizi na kuteleza. Paladin ikaamua kuigonga kwa omo. Petard ikaona hatari ya kupoteza destroya, ikatoa ishara iache. Paladin ikapinda usukani dakika ya mwisho, lakini pezi la chuma la nyambizi likalipasua tumbo lake kama kisu kinavyopasua samaki, maji yakaingia, ikasimama.

Ikabaki Petard peke yake na nyambizi iliyokuwa ikizunguka-zunguka juu ya maji kama papa aliyejeruhiwa. Ikarusha topido, ikakosa. Ya pili, ikakosa. Ikaendelea hivyo hadi ya sita. Ya saba ndiyo iliyopata, I-27 ikakatika ikazama. Tangu Khedive Ismail ipigwe zilikuwa zimepita kama saa mbili na nusu.

Mabaharia 99 wa Kijapani walikwenda nayo. Mmoja aliokotwa akiwa hai. Nchini kwao Fukumura alipandishwa vyeo viwili baada ya kufa, akawa amirali.

Walikufa wangapi wa Khedive Ismail?

Watu 1,297. Waliookolewa ni 214: wanaume 208 na wanawake 6. Wanawake waliokufa ni 77, na Uingereza na makoloni yake hawakuwahi kupoteza wanawake wengi hivyo wa huduma za kijeshi kwa mkupuo mmoja. Katika misiba ya meli za upande wa Washirika (Uingereza, Marekani na wenzao) kwenye Vita Kuu ya Pili, huu huhesabiwa kuwa wa tatu kwa ukubwa.

Manusura walipelekwa Addu, kundi la visiwa la kusini kabisa mwa Maldivi ambako Waingereza walikuwa na kituo cha siri. Paladin nayo ilivutwa kwa kamba hadi huko huko.

Hiyo Petard ilikuwa manowari ya namna gani?

Ya ajabu kidogo. Oktoba 1942, huko Mediterania, ilishiriki kuizamisha nyambizi ya Kijerumani U-559, na mabaharia wake wawili, Fasson na Grazier, wakafa ndani wakitoa vitabu vya siri vilivyosaidia kufumbua mawasiliano ya Wajerumani. Desemba mwaka huo huo ilishiriki kuizamisha nyambizi ya Kiitalia. Kwa I-27 ikatimiza Mjerumani, Mwitalia na Mjapani, jambo ambalo hakuna destroya nyingine ya Washirika iliyolifanya.

Jina la ile nyambizi ya Kiitalia lilikuwa Uarsciek. Lisome kwa sauti utalitambua: ni Warsheikh, mji wa pwani ya Banadir, Somalia. Waitalia walizipa nyambizi za kundi hilo majina ya mahali pa makoloni yao ya Afrika.

Kama meli isingezama, askari wale wangekwenda kufanya nini?

Wangekwenda Burma (leo Myanmar), au Bama, kama walivyoita askari wa Keya. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikijipanga Ceylon kwa vita vya msituni. Baadaye mwaka 1944 ilishuka bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, matope hadi magotini, malaria kila hema, na mapema Desemba ikaingia Kalewa, kwenye mto Chindwin. Waliorudi walikuja na nyimbo, makoti mazito na fikra mpya juu ya ubwana wa Mzungu. Rejimenti ya 301 haikuwa miongoni mwao.

Majina yao yameandikwa wapi?

Nairobi, barabara ya Ngong, ndani ya makaburi ya vita. Humo kuna Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki kwa ajili ya wanajeshi wasio na kaburi linalojulikana, na askari wa mizinga waliozama na Khedive Ismail wamo. Watu huuchanganya na sanamu ya Askari ya Dar es Salaam. Ile ni ya mwaka 1927 na inahusu vita vya kwanza.

Kuingia ni bure. Panatunzwa vizuri, nyasi zimekatwa, na siku za kawaida utajikuta uko peke yako na ndege.

Nadhani babu yangu alikuwa humo. Nianzie wapi kumtafuta?

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha kwenye mtandao, nayo ni bure. Ila usianze na jina. Makarani wa jeshi waliandika majina walivyoyasikia, r ikawa l, jina la baba likawa la mtoto, na mwingine akaandikwa kwa jina moja tu. Anza na tarehe: 12 Februari 1944, kikosi: East African Artillery. Itatokea orodha ndefu. Isome yote kwa sauti, taratibu, ukiwa na mzee wa ukoo pembeni kama yupo, maana sikio lake litalikamata jina ambalo jicho lako litaliruka. Kwenye baadhi ya maandishi utakuta pia namba ya askari na jina la baba au la kijiji. Namba hiyo iandike kando, maana ofisi za kumbukumbu za jeshi hufuata namba kuliko jina.